Kunukuliwa Ni Kuaminiwa na Mgeni

(Hotuba niliyoitoa Bukavu mbele ya wanafunzi wa kemia na famasia, waalimu wao na wazazi. Ninaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao mvua na shida ya usafiri viliwazuia kufika.)

Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama na akina baba, waalimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka mlangoni: jambo kwenu wote. Aksanti kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtafiti wa kemia ogania, yaani kemia ya kaboni, na jinsi kazi yake inavyopimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi watafiti wengine wameinukuu. Ninajua mada hii imetoka wapi. Vijana wengi hapa wameshaomba nafasi ya kwenda kusoma nje, na fomu ikawauliza: umechapisha makala ngapi? Umenukuliwa mara ngapi? Na wapo walioambiwa kwamba mtu wa Bukavu hanukuliwi na yeyote, basi asijichoshe. Nimekuja kuyapinga maneno hayo. Lakini siwezi kuyapinga kabla hatujaelewana kunukuliwa ni kitu gani.

Tuanze na kitu mnachokijua. Nani hapa hajawahi kuona mti wa kinkina? Kwenye vilima vyetu vya Kivu wamo wazazi waliomenya magome yake, wakayaanika, wakayauza. Magome hayo yanafika kiwanda cha Pharmakina, hapa hapa Bukavu, yanasagwa, na ndani yake inatolewa kwinini. Mti wenyewe asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walifaulu kuitenga kwinini na gome lake. Tangu hapo wakemia wakawa na swali moja: je, tunaweza kuiunda sisi wenyewe, bila mti?

Swali hilo liliwatesa watu zaidi ya karne. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alijaribu kule London, akatafuta dawa akapata rangi ya zambarau, na rangi ile ikamtajirisha. Mwaka 1918 Wajerumani wawili, Paul Rabe na Karl Kindler, waliandika ripoti: tumechukua kwinotoksini, kemikali ya jamii ya kwinini, tumeipitisha hatua tatu, imekuwa kwinini. Shikeni jina hilo, kwinotoksini, tutalirudia. Na shikeni jambo jingine: ripoti yao ilikuwa fupi. Fupi mno.

Ikaja vita kuu ya pili. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Java, na wakati ule karibu kwinini yote ya dunia ilitoka Java. Askari wanatetemeka kwa malaria, dawa haipatikani. Ndipo mwaka 1944 Robert Woodward, kijana wa miaka 27 wa Harvard, pamoja na mwenzake William Doering, wakatangaza kwamba kwinini imeundwa maabarani. Magazeti yakashangilia. Vitabu vya kemia vikaandika. Wanafunzi wakakariri kizazi baada ya kizazi.

Lakini vijana, nisikilizeni. Woodward na Doering walifika wapi? Walifika kwenye kwinotoksini. Hapo wakasimama. Hatua tatu za mwisho hawakuzifanya kwa mikono yao. Waliandika tu: zimeshafanywa na Rabe na Kindler, 1918. Walipanga matofali yao juu ya ukuta wa fundi mwingine bila kuugonga kwanza wasikie kama umekauka. Hiyo ndiyo nukuu. Mstari mmoja chini ya ukurasa, na juu ya mstari huo umepakiwa mzigo wa kazi nzima.

Sasa niwaletee mtu ninayetaka mumjue kuliko wote leo. Gilbert Stork alizaliwa Brussels siku ya mwisho ya mwaka 1921. Mwaka 1939 alihamia Marekani, na kuanzia 1953 alifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kwinini ilimkaa moyoni tangu ujana wake. Alifanya mengine mengi makubwa, nitayagusa, lakini kwinini hakuiacha. Alipoikamilisha, hatua kwa hatua, kila kona ya molekuli ikielekea upande wake sawasawa, ulikuwa mwaka 2001. Alikuwa na miaka 79. Miaka 79, jamani! Na katika makala ile ile alisema waziwazi kile ambacho watu hawakupenda kukisikia: habari ya mwaka 1944 ina tundu. Hatua za Rabe na Kindler, nani amezirudia? Nani amezithibitisha?

Mjadala ukawaka. Mwaka 2007 Jeffrey Seeman, mtu anayeichimba historia ya kemia, alichapisha uchunguzi mrefu akiwatetea Rabe na Woodward. Hoja ni nzuri, lakini katika kemia mwamuzi wa mwisho ni chupa. Mwaka 2008, kule Colorado, Aaron Smith na Robert Williams wakaingia maabarani kuzirudia zile hatua kwa njia za zamani, bila mitambo ya siku hizi. Mwanzoni hatua ya mwisho ikawakatalia. Hatua hiyo inatumia unga wa aluminiamu. Unga mpya, safi, ulikataa. Unga uliokwisha kuguswa na hewa ukakubali, na kwinini ikatokea. Rabe alikuwa amesema kweli. Miaka 90 ilipita kabla mtu hajaonyesha kwamba alisema kweli!

Niwaulize: ni kitu gani kilichokosekana miaka hiyo yote? Pesa? Akili? Vyombo? Kilikosekana kifungu cha maneno machache kuhusu hali ya unga. Kifungu kimoja. Kwa kukosa kifungu hicho, heshima ya Rabe ilining'inia hewani mpaka yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na heshima ya Woodward ikaning'inia pamoja nayo.

Ndiyo maana ninasema kunukuliwa ni kuaminiwa na mgeni. Mtu asiyekujua, asiyejua baba yako ni nani wala chuo chako kiko mtaa gani, anachukua ulichoandika na kuweka juu yake miezi yake, mshahara wake, jina lake. Kuaminiwa na rafiki ni rahisi. Kuaminiwa na mgeni wa Sapporo au São Paulo ambaye hamtaonana kamwe, hiyo ni heshima kubwa, na ina deni. Deni lake ni kuandika ukweli wote, mpaka hali ya unga.

Nilisema nitagusa kazi nyingine ya Stork. Mwaka 1954, na kwa urefu zaidi mwaka 1963, yeye na wenzake walionyesha njia ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa kupitia kitu kinachoitwa enamini. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaijua: unachukua ketoni, unaichanganya na amini ya daraja la pili, maji yanatoka, na kaboni iliyo jirani ya ile kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni) inapata nguvu ya kushambulia. Huhitaji besi kali inayoharibu kila kitu. Baadaye unaosha kwa maji yenye asidi na ketoni yako inarudi, sasa ina tawi jipya. Ni njia pole, ya gharama ndogo, na ameieleza wazi. Kwa hiyo imenukuliwa, na imenukuliwa, na inaendelea kunukuliwa.

Mwaka 2000 Benjamin List na wenzake walionyesha kwamba prolini, asidi ya amino ya kawaida kabisa, inaweza kuongoza mmenyuko ili utoe molekuli ya upande mmoja tu, wa kulia au wa kushoto. Prolini inafanyaje kazi hiyo? Inatengeneza enamini katikati ya safari. Enamini! Mwaka 2021 List na David MacMillan wakapewa tuzo ya Nobel. Stork alikuwa ameshafariki, Oktoba 2017, akiwa na miaka 95. Nobel hakuipata. Lakini nani atasema kazi yake ilikufa? Nenda kasome makala za prolini, ufuate marejeo yake nyuma, utamkuta Stork amekaa pale mwaka 1954.

Na magome yetu ya kinkina nayo yana njia yao. Barry Sharpless alipewa Nobel mwaka 2001 kwa menyuko za oksijeni zinazochagua upande. Moja ya menyuko zake mashuhuri inaongozwa na molekuli zinazotengenezwa kutoka kwinini na ndugu yake kwinidini. Tunapopita karibu na rundo la magome, tujue kwamba tunapita karibu na kitu ambacho maabara za dunia zinakihitaji, kwa malaria na kwa mengine.

Sasa niwape mfano wa makala moja ndogo. Kurasa tatu. Mwaka 1978, pale pale Columbia, W. Clark Still na wenzake wawili, Kahn na Mitra, waliandika jinsi ya kusafisha mchanganyiko wa kemikali haraka. Kabla yao, unajaza bomba la kioo kwa silika, yaani unga wa jamii ya mchanga, unamimina, unangoja. Unangoja matone mchana, unangoja matone usiku. Wao walitumia silika laini zaidi na kuusukuma mchanganyiko kwa hewa yenye shinikizo kidogo, na kazi ikaisha kwa dakika.

Hebu sikilizeni jinsi walivyoandika. Chagua kiyeyushi ambacho, kwenye kibamba chembamba cha silika, doa la kemikali unayoitaka linapanda hadi 0.35 ya njia. Sukuma ili uso wa kiyeyushi ndani ya bomba ushuke inchi mbili kwa dakika, kama sentimeta tano. Kisha jedwali: bomba la upana huu linabeba sampuli ya uzito huu, kusanya sehemu za ujazo huu. Basi. Mwanafunzi aliyeko popote anaweza kulisoma asubuhi na kulifanya mchana. Makala ile ikawa miongoni mwa zile zinazonukuliwa sana katika kemia ogania yote. Haikuwa na nadharia ya kutikisa dunia. Ilikuwa na jedwali lililosema kweli.

Tena siku hizi wengi wanaifanya kazi ile bila hata kuitaja, kwa sababu imekuwa kitu cha kila siku. Mnapochukua chupa ya erlenmeyer pale mezani, nani kati yenu anamnukuu bwana Emil Erlenmeyer? Hakuna. Na bado iko mikononi mwenu.

Kuhusu hesabu zenyewe, sitakaa sana. Aliyeanzisha orodha kubwa ya nukuu za sayansi ni Eugene Garfield wa Philadelphia, mtu aliyesomea kemia, na orodha yake ya kila mwaka ilianza mwaka 1964. Aliiga chombo cha wanasheria, wanaotaka kujua hukumu ya zamani imetumiwa na hukumu zipi mpya. Lengo lilikuwa kumsaidia mtafiti atafute: wazo hili limezaa nini? Baadaye, mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo kinachoitwa h. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ni rahisi, ndiyo maana kila ofisi imekipenda. Lakini kipimo hicho kinajua nini juu ya Tu Youyou? Huyu mama wa China hakuwa na shahada ya udaktari, hakusomea nje. Mwaka 1971 alifikiri kwamba joto ndilo linaloiua dawa iliyomo katika mmea wa artemisia, akaitoa kwa etha, ambayo inachemka kwa nyuzi 35 tu, na malaria ya panya ikapona. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Makala ya mwaka 1977 iliyotangaza molekuli hiyo haikuwa na jina la mtu hata mmoja, ilikuwa na jina la kikundi. Kwa h angepata nini? Kwa wagonjwa wa malaria alipata nini? Nobel alipewa mwaka 2015.

Hapo sisemi msihesabu. Fomu zitawauliza, na nyinyi mjibu. Kwa hiyo nina neno la kazi, na hili linatuhusu sisi Wakongomani kuliko watu wengine.

Ni majina yetu. Mtu ana jina, ana postnomu (jina la pili linalolifuata), ana prenomu (jina la ubatizo). Makala ya kwanza jarida linamwandika kwa postnomu. Ya pili kwa jina. Ya tatu mhariri wa Ulaya anaona neno la mwisho ni prenomu, anadhani ndilo jina la ukoo, na mwenzetu anaitwa kwa jina la ubatizo kama mtoto wa shule. Kompyuta inayohesabu nukuu haijui desturi zetu. Inaona watu watatu. Mtafiti mmoja wa Kivu aliyefanya kazi ya miaka mingi anagawanywa vipande vitatu, na kila kipande kinaonekana kama mtu asiye na kitu. Nimeona jambo hili likimkosesha mtu nafasi aliyostahili, na iliniuma.

Basi chagueni namna moja ya kuandika jina lenu, leo, kabla ya makala ya kwanza, na msiibadilishe. Jiandikisheni ORCID, orodha ya kuwatambulisha watafiti, ni bure, mpate namba moja ya maisha. Na chuo chenu kikiwa kimejiunga na Research4Life, ingieni, someni majarida yanayolipiwa bila kulipa. Ulizeni maktaba. Ulizeni tena kesho kutwa kama hamjajibiwa.

Nimebakiwa na habari moja, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza.

Miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, alifanya kazi na Msalaba Mwekundu kule Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Kasai. Aliona kwamba wanawake waliokuwa wakijifungua walikunywa chai ya mmea mmoja ili uchungu uharakishe. Mmea huo waliuita kalata-kalata. Wataalamu wanauita Oldenlandia affinis. Gran alichukua mmea, akachunguza, na miaka ya mwanzo ya 1970 akachapisha: ndani yake mna peptidi inayolibana tumbo la uzazi. Akaipa jina kalata B1.

Kisha kimya. Makala zilikaa, watu wachache wakizisoma. Kwa nini jambo lenyewe lilikuwa la ajabu? Fikirini, nyinyi mliosoma biokemia. Peptidi ni mnyororo wa asidi za amino. Ukiuchemsha, kwa kawaida unaharibika. Ukiumeza, tumbo linaukata. Lakini wale bamama walichemsha chai, wakanywa, na ikafanya kazi. Iliwezekanaje? Jibu likaja mwaka 1995, watafiti wa Norway na Australia walipoonyesha umbo lake: asidi za amino 29, na mnyororo hauna mwanzo wala mwisho. Umejifunga duara, na ndani ya duara mna madaraja matatu ya salfa yaliyofungwa fundo. Moto haulifungui. Vimeng'enya vya tumbo havipati ncha ya kuanzia kukata.

Mwaka 1999 familia nzima ya molekuli za namna hiyo ikapewa jina, saiklotidi. David Craik na kundi lake kule Brisbane wamezifuata kwa miongo. Leo watafiti wanajaribu kuzitumia kama gamba la kubebea dawa ili dawa ziweze kumezwa badala ya kudungwa. Makala ya Gran, iliyolala zaidi ya miaka 20, sasa inafunguliwa na kila anayeingia katika uwanja huo.

Na wale bamama? Majina yao yako wapi? Nani aliyejua kwanza kwamba mmea ule unachemshwa na haufi? Nani aliyejua kipimo? Nani aliyejua saa ya kumpa mzazi? Gran alikuwa mkweli, aliandika kwamba amejifunza kutoka matumizi ya wanawake wa kule, na jina la kalata bado limo ndani ya molekuli yenyewe. Nampa heshima kwa hilo. Lakini jina la mwanamke hata mmoja halimo katika marejeo. Uwanja mzima wa sayansi umesimama juu ya ujuzi wa wakunga wa Kasai, na hakuna anayeweza kuwanukuu kwa sababu hakuna aliyewaandika.

Vijana, hilo liko mikononi mwenu, tena liko karibu kuliko mnavyodhani. Kila mwaka ninasoma TFC, yaani kazi za wanafunzi za kumalizia masomo, za mimea ya dawa kutoka Kabare, kutoka Walungu, kutoka Idjwi. Ninasoma: "mmea huu hutumiwa na wenyeji." Wenyeji gani? Nani alikuambia? Alikuonyesha jani au mzizi? Alikuambia uchemshe au uloweke? Ni mama wa kijiji gani, na je, amekubali jina lake liandikwe? Mwandikeni. Akikubali, wekeni jina lake kamili katika shukrani, na kama ametoa ujuzi wenyewe ambao kazi imejengwa juu yake, ongeeni na msimamizi wenu kuhusu kumweka miongoni mwa waandishi. Akikataa, heshimuni, na andikeni kwamba amekataa. Anayetaka kunukuliwa na mgeni aanze kwa kumnukuu mama aliyemkaribisha kiambazani.

Kwa wale wa mwaka wa mwisho, nina ombi la kufanya wiki hii. Sura ya mbinu ya TFC yako mpe mwenzako asiyefanya kazi katika chumba chako. Aisome peke yake, bila kukuuliza kitu, kisha aende mezani afanye. Kila mahali atakaposimama na kukwaruza kichwa, weka alama. Alama hizo ndizo vifungu vinavyokosekana: kiyeyushi kilikuwa na maji kiasi gani, majani yalikauka kivulini au juani, umeme ulipokatika uliacha mchanganyiko ukapoa kwa muda gani. Ndiyo, umeme ukikatika uandike. Mgeni atahitaji kujua.

Alama zikiwa nyingi, usiogope, niletee. Nitakuwa katika maabara ya ghorofa ya chini kila Alhamisi mchana mpaka mwisho wa muhula, na waalimu wenzangu wawili wamekubali kukaa nami. Akina mama na akina baba, nanyi mnaoijua mimea, mnakaribishwa siku hizo hizo. Tumetenga meza na daftari kwa ajili yenu, na hakuna jina litakaloandikwa bila ruhusa ya mwenyewe.

Aksanti sana. Sasa ni zamu ya maswali. Tuanze na upande wa madirishani, nimeona mikono iko juu tangu nilipotaja aluminiamu.